Baba anasema mimea haikimbii

Nina miaka 26 na nimemaliza shahada ya uzamili ya takwimu. Profesa mmoja amenipa nafasi ya uzamivu, nitengeneze mbinu za kitakwimu za kufuatilia idadi ya mimea katika misitu ya Usambara Mashariki. Hesabu naipenda, lakini miti siijui. Ukinitoa kwenye mwembe na mnazi nimepotea. Baba naye haelewi. Anasema mimea haikimbii, mtu anatembea anahesabu, uzamivu wa nini? Na benki imeniita kazini. Nifanyeje?
Binti wa Muheza

Binti yangu, nianze na mzee, kwa sababu swali lake ndilo hasa utakalolifanyia utafiti.

Mimea haikimbii, ni kweli, lakini hupitwa na macho. Kuna okidi za ardhini zinazoweza kukaa msimu mzima chini ya udongo bila kutoa jani, zikachipua mwaka unaofuata. Mche mchanga hufanana na miche ya jamii nyingine, na mmea usio na ua humpita hata mtu aliyesomea. Mwaka 1997 Helen Alexander na wenzake walichapisha utafiti juu ya Asclepias meadii, mmea adimu wa mbuga za nyasi za Marekani. Walitumia mbinu ya kuweka alama na kurudi kutafuta upya, ambayo ilizoeleka zaidi kwa wanyama, ili wakadirie mimea iliyokuwapo bila kuonekana. Mwaka 2013 watafiti waliochambua takwimu za Uswisi walionyesha kwamba kukosa kuona mmea uliopo ni jambo la kawaida kabisa.

Mfanyie mzee hesabu hii. Tuseme msitu umegawanywa vipande 100, na mmea fulani upo katika 60. Anakuja mtafiti mgeni wa kazi, anapita mara moja, anauona katika nusu ya vipande ulimo. Anaandika 30. Miaka kumi baadaye anapita mzoefu anayeuona mara nane kati ya kumi, na kwa wakati huo mmea umebaki katika vipande 40 tu. Anaandika 32. Ripoti itasema hali ni shwari, labda hata imeboreka kidogo, wakati theluthi nzima ya makazi ya mmea imetoweka. Hakuna aliyedanganya hapo, na hesabu za wote wawili ni sahihi. Mimi jambo hili linaninyima usingizi, kwa sababu ripoti za namna hiyo ndizo zinazotumika kuamua ni msitu upi ulindwe.

Tiba ya msingi ipo. Darryl MacKenzie na wenzake waliieleza mwaka 2002: rudi kwenye vipande vilevile zaidi ya mara moja katika msimu mmoja, na kila ziara uandike umeona au hukuona. Mfuatano huo wa kuona na kukosa ndio unaokuwezesha kutenganisha mambo mawili, mmea kuwapo na mmea kuonekana. Ikiwa kila ziara moja huuona kwa nusu tu, ziara tatu hubakiza sehemu moja kati ya nane ya vipande ulimo bila kugunduliwa.

Kazi iliyobaki kwa mtu wa uzamivu bado ni kubwa. Chukua Saintpaulia, ua la Usambara ambalo Hermann Wendland alilipa jina la kisayansi mwaka 1893 na ambalo leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Aina zake nyingine hutambaa juu ya mwamba zikawa zulia. Hapo mmea mmoja ni upi? Mara nyingi utalazimika kuacha kuhesabu mashina na kukadiria asilimia ya mwamba iliyofunikwa, na watu wawili wakisimama mbele ya mwamba uleule watakupa asilimia mbili tofauti. Kuunda modeli inayobeba tofauti ya waangalizi, pamoja na sifuri nyingi za mahali ambapo hakuna kitu, ni kazi ya mtu aliyesoma takwimu kama wewe.

Kuhusu kutojua miti, usihofu sana. Amani, hukohuko Usambara Mashariki, na vijiji vyake wapo watu wanaoitambua kwa gome, kwa utomvu na kwa harufu ya jani lililofikichwa. Ninachohofia ni jambo ambalo hukuliuliza: takwimu zenyewe zinatoka wapi?

Kituo cha utafiti cha Amani kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Hazina ya mimea iliyokaushwa iliyoanzia pale ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Vielelezo vingi vya enzi ile vilipelekwa Berlin, na hazina ya Berlin iliungua kwa mabomu mwaka 1943. Vilivyobaki ni mali kubwa, lakini kielelezo hukueleza mahali ambapo mkusanyaji alipita, mara nyingi kando ya barabara au karibu na kambi, na hakuna aliyewahi kukausha mmea ambao hakuuona. Ukipewa rekodi za namna hiyo peke yake na kuambiwa upime kupungua kwa miaka mia moja, utatumia miaka yako ya uzamivu kukisia juhudi ya watu waliokwisha kufa.

Basi kabla hujasaini, mwandikie profesa. Muulize kama zipo takwimu za ziara za kurudia, kama siku ambazo hakikuonekana kitu ziliandikwa, na kama viwanja vilichaguliwa kwa nasibu au kwa urahisi wa kufikika. Akikujibu kwamba utakusanya mwenyewe, muulize fedha za msituni ni za misimu mingapi. Mmoja hautoshi kupima mabadiliko.

Akijibu vizuri, mimi nasema kubali. Benki itakuwapo hata baadaye, na mtu wa takwimu haachwi njiani. Kwa mfano, mti wa Prunus africana, ambao gome lake huuzwa nje kwa dawa ya tezi dume, umo katika Nyongeza ya Pili ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama wa porini, tangu 1995. Nchi inayouza gome hilo inatakiwa kujiridhisha kwamba biashara haiuangamizi mti porini, na haiwezi kujiridhisha bila makadirio ya kuaminika. Ningependa makadirio hayo yafanywe hapahapa, na watu wanaoweza kurudi msituni mwaka ujao.

Mwezi wa kwanza usifungue kompyuta. Fuatana na wale wataalamu wa kijijini, shika kamba ya kupimia kiwanja, uone mtu anavyochoka saa nane mchana na anavyoanza kupita mimea bila kuiona. Na unapoandika bajeti, weka ujira wao wa haki kabla ya tiketi za mikutano, na mkubaliane na profesa tangu mwanzo kwamba majina yao yatakuwa kwenye makala.