Namna ya Kuanza Kupiga Ngoma ya Bendi ya Zumari

Wanafunzi wengi, wa hapa Jinja na wa Mbale, wameniuliza namna ya kuanza kupiga ile ngoma ndogo ya bendi ya zumari, yenye nyuzi zinazolia. Nafasi katika bendi ni chache, nami simchagui apigaye kwa kishindo. Humchagua yule ambaye mkono wake wa kushoto haujifichi nyuma ya wa kulia.

Bendi za namna hii asili yake ni Uskoti. Lakini mapigo ya askari si mageni Jinja. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni, mpaka uhuru wa mwaka 1962, kambi yetu ilikuwa makao ya batalioni ya 4 ya King's African Rifles, na lugha ya askari wale ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo asishangae mtu kuliona somo hili katika kurasa hizi.

Ngoma yenyewe hukazwa mno, karibu iwe ngumu kama meza, na nyuzi za chuma zimepita chini ya ngozi ya juu na chini ya ile ya pili pia. Kijiti kikianguka huruka chenyewe. Basi kazi yako si kupiga kwa nguvu, bali ni kukiacha kijiti kiruke, kisha kukizuia.

Vijana wa Mbale huniambia kwamba ngoma wanaijua tayari. Ni kweli, wamekua wakisikia kadodi, zile ngoma zinazowasindikiza vijana wa Kigisu katika imbalu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Aliyezoea kadodi ana faida kubwa, maana amejifunza kushika mapigo huku akitembea. Liko jambo moja tu la kuliacha nyumbani. Katika kadodi, watu wakichemka, ngoma nayo huchemka. Katika bendi, ukiharakisha kidogo tu, mstari wa nyuma utaanza kukimbia na wapiga zumari wataishiwa pumzi. Mwendo ni hatua kati ya 110 na 120 kwa dakika, wala haupandi.

Usianze na ngoma. Chukua ubao, gongomelea kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uketi karibu na saa ya ukutani. Piga kulia, kushoto, kulia, kushoto, pigo moja kwa kila sekunde. Sikiliza: je, sauti zote mbili ni moja? Kama sivyo, ongeza zoezi la kushoto peke yake. Hapa ndipo wengi huchoka na kuondoka.

Kisha piga mawili mawili: kulia-kulia, kushoto-kushoto. Waingereza huliita zoezi hili baba na mama. Pigo la pili lisiwe dogo kuliko la kwanza. Ukilikaza polepole kwa majuma mengi, litakuwa ule mvumo mrefu usiokatika.

La tatu ni paradidoli: kulia, kushoto, kulia-kulia, kushoto, kulia, kushoto-kushoto. Litamke kwa mdomo kwanza, ukitembea. Asiyeweza kulitamka hataweza kulipiga.

Robo saa kila siku yatosha; saa tatu za Jumamosi hazifai kitu. Atakayepiga yote matatu kwa dakika tano mfululizo bila kuipita saa, na aje na vijiti vyake. Ubao auache bwenini.