Kubadilisha Sehemu ya Matriksi ya Picha kwa OpenCV

Kwa kompyuta, picha ni matriksi ya namba. Picha isiyo na rangi hubeba namba kuanzia 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe). Ukitumia OpenCV katika Python, matriksi hiyo hutunzwa na NumPy.

1. Kuchagua sehemu

Taja safu mlalo kwanza, kisha safu wima. Hesabu huanzia 0, na namba ya mwisho haihesabiwi.

M = np.zeros((4, 5), np.uint8)
M[1:3, 2:5] = 255

Matokeo:

0 0 0 0 0
0 0 255 255 255
0 0 255 255 255
0 0 0 0 0

Zimebadilika safu mlalo ya 1 na ya 2, katika safu wima ya 2, 3 na 4.

Angalia: amri za kuchora, kama cv2.rectangle, hutaja x kwanza. Matriksi hutaja y kwanza. Usizichanganye.

2. Kipande si nakala

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza alama:

kipande = M[0:2, 0:2]
kipande[:] = 100

Ukichapisha M, utaona pembe ya juu kushoto nayo imekuwa 100. Kwa nini? Kipande ni dirisha tu la kuitazama M. Namba ni zilezile, mahali palepale katika kumbukumbu. Ukitaka M ibaki salama, omba nakala kabla ya kubadilisha:

kipande = M[0:2, 0:2].copy()

Tofautisha pia kipande[:] = 100 na kipande = 100. Ya pili haigusi matriksi; inalipa jina "kipande" thamani mpya tu.

3. Picha ya rangi

Kila pikseli ina namba tatu. OpenCV huzipanga bluu, kijani, nyekundu. Kwa hiyo:

picha[50:100, 200:300] = (0, 0, 255)

hutoa mstatili mwekundu wenye kimo cha pikseli 50 na upana wa pikseli 100.

Zoezi

Picha ina safu mlalo 480 na safu wima 640.
(a) Andika amri ya kuifanya robo ya juu kulia iwe nyeusi.
(b) A = picha[0:10, 0:10], kisha A[:] = 255. Je, pikseli ngapi za picha zimewekwa 255?

Majibu

(a) picha[0:240, 320:640] = 0
(b) Pikseli 100, kwa kuwa A si nakala.