Shingo ya Besi Inayonata: Jinsi ya Kuichubua Rangi Ukiwa Tukuyu

Kila mpiga besi wa kwaya anaijua hali hii. Pambio limechangamka, mkono wa kushoto unatakiwa kuteremka haraka, na kidole gumba kimeganda nyuma ya shingo kama kimeshika ulimbo. Kosa si la mpigaji. Magitaa mengi yanayofika huku ni ya mtumba au ya bei nafuu, na shingo zake zimepakwa rangi nzito inayong'aa. Jasho likishakutana na mng'ao huo, mkono hauendi.

Dawa ni kuichubua rangi nyuma ya shingo na kubaki na mbao iliyopakwa mafuta. Kazi ya msasa ni ya siku moja, ila kungoja ni zaidi ya wiki, na kwa Tukuyu kungoja ndiko kugumu. Mji huu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mbao isiyo na kinga hunywa unyevu huo wote. Mimi kazi hii huifanya Septemba au Oktoba. Machi na Aprili liache gitaa lilivyo, uvumilie.

Jambo moja kabla ya bisibisi: ala za kanisani kwa kawaida huwa mali ya kundi. Kama gitaa ni la kwaya, mwone mwenyekiti kwanza. Rangi ikishatoka hairudi.

Hatua ya 1: Kusanya vifaa

Tafuta msasa namba 180, 240, 320 na 400. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Za chini utazipata duka lolote la vifaa vya ujenzi. Namba 400 iulizie wanakouza rangi za magari, ule wanaouita msasa wa maji, ingawa sisi tutautumia mkavu. (Jina lenyewe tumelirithi kutoka kwenye mti: majani ya msasa yanakwaruza, na wazee walisugulia mbao kwa majani hayo kabla ya karatasi kuja.) Ongeza tepu ya karatasi, penseli, barakoa, vitambaa vya pamba, mafuta ya linsidi na kipande cha ndala iliyochakaa.

Hatua ya 2: Fungua shingo

Legeza nyuzi zote nne kwa zamu, kidogo kidogo. Kwa pamoja zinavuta shingo kwa nguvu ya kama kilo 75, kwa hiyo usizikate zikiwa zimekaza. Kisha fungua skrubu zilizo mgongoni mwa gitaa, kwa kawaida nne, na uandike ipi ilitoka tundu gani. Chuma kilichomo ndani ya shingo usikiguse.

Hatua ya 3: Funika

Bandika tepu juu ya ubao wa vidole wote pamoja na kingo zake, na kwenye kichwa cha gitaa. Halafu piga mstari wa penseli pale shingo inapoanza kuingia kwenye mwili. Chini ya mstari huo msasa usipite hata mara moja. Ukipunguza mbao pale, shingo itacheza kwenye tundu lake.

Hatua ya 4: Chubua

Kaa nje, penye upepo, mbali na jiko na watoto. Vaa barakoa, kwani rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Zungushia msasa namba 180 kwenye kipande cha ndala. Ndala inakunjika, inafuata mviringo wa shingo. Sugua kwa urefu, ukifuata nyuzi za mbao, wala usikate mkingamo.

Kwanza mng'ao utafifia uwe kama kioo chenye mvuke. Kisha vumbi litabadilika rangi, na hata mlio utabadilika: rangi hulia kwa ukali, mbao hukwaruza taratibu. Msasa ukiziba, ukung'ute. Rangi ikiisha, chora mistari ya penseli ovyo ovyo juu ya mbao, kisha panda namba 240. Mistari ikifutika yote sawasawa, hujachimba shimo. Rudia kwa 320.

Mashine usiitumie. Mimi niliwahi kupeleka shingo kwenye mashine ya karakana nikidhani naokoa muda. Kufumba na kufumbua ikapata bapa upande mmoja, na gumba langu liliendelea kulipapasa bapa hilo kila Jumapili.

Ukikuta viraka vya pati au vipande vilivyoungwa, usishangae. Magitaa mengine hupakwa rangi ili kuficha hayo. Lainisha tu, uendelee.

Hatua ya 5: Simamisha malaika

Pitisha kitambaa chenye unyevunyevu kidogo, kisha acha hadi kesho. Asubuhi mbao itakuwa imesimamisha malaika kama ngozi yenye baridi. Yapunguze kwa namba 400, kwa mkono mwepesi.

Hatua ya 6: Paka mafuta

Paka linsidi nyembamba, subiri dakika 15, kisha futa yote mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ning'iniza shingo chumbani penye hewa. Mahindi hukaushiwa juu ya moto jikoni, lakini shingo usiipeleke huko. Joto la upande mmoja huipinda. Kwa hali yetu ya hewa upe kila mkono wa mafuta siku tatu au zaidi, na ipate mikono mitatu.

Vitambaa vyenye linsidi usivikunje ukavitupa pembeni. Hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye maji.

Hatua ya 7: Rudisha

Skrubu izungushe kwanza kinyume, taratibu, mpaka uisikie ikidondokea kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Kaza nyuzi kwa zamu, uliache gitaa usiku mzima, kisha ulitune upya.

Kabla ya mazoezi, dondoshea tone la maji nyuma ya shingo. Likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, lifute uanze kupiga. Mbao ikigeuka nyeusi chini yake, fungua tena chupa ya linsidi.