SOMO LA KIINGEREZA: MANENO YA WAKIMBIZI NA MASHIRIKA YA MISAADA



Somo letu mara hii lahusu maneno ya Kiingereza yanayotumiwa na mashirika ya kimataifa yanayowahudumia watu waliopatwa na vita na maafa. Baadhi yetu huitwa kuwa wakalimani wa jirani waliotoka Burundi au Kongo, na wengine huwasaidia kujaza fomu. Kazi hiyo ni ya huruma, lakini yataka uangalifu, maana neno moja likifasiriwa vibaya, shauri zima la mtu laweza kuharibika.

Tuanze na neno letu wenyewe, mkimbizi. Limetokana na kukimbia, yaani latazama safari ya mtu. Kiingereza husema "refugee", kutokana na "refuge", maana yake kimbilio; nalo latazama mahali anapofikia. Waingereza walilipata kwa Wafaransa katika miaka ya 1680, wakati Waprotestanti wa Ufaransa, walioitwa Wahugenoti, walipokimbilia Uingereza. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV aliifuta amri iliyowapa ruhusa ya kuabudu kwa namna yao. Asomaye Biblia ya Kiingereza atalikuta neno "refuge" katika Zaburi ya 46, kwa hiyo si gumu kulikumbuka.

Sisi twasema mkimbizi kwa watu wa namna nyingi. Kiingereza cha sheria huwatenga kwa majina mbalimbali. Haya hapa matatu.

1. "Refugee". Kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, huyu ni mtu aliye nje ya nchi yake, mwenye sababu za kweli za kuogopa kuteswa kwa ajili ya asili yake, dini yake, taifa lake, kundi lake katika jamii, au mawazo yake ya siasa. Mwaka 1969 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya mkataba wake, ukawaongeza na wale wanaovuka mpaka kwa sababu ya vita au machafuko makubwa.

2. "Asylum seeker". "Seek" ni kutafuta. "Asylum" ni hifadhi, neno lenye asili ya Kigiriki, lililomaanisha mahali ambapo mtu hawezi kukamatwa. Waisraeli nao waliagizwa kutenga miji sita ya makimbilio, kama tusomavyo katika Hesabu 35. Huyu ni mtu aliyeomba hifadhi na ombi lake halijaamuliwa bado. Tusimwite mwongo wala mhalifu, kwa maana anangoja jibu tu.

3. "Internally displaced person". "Internal" ni ya ndani. "Displace" ni kuondoa mahali pake. Huyu amekimbia nyumba yake, ila hajatoka katika nchi yake. Mtu wa Fizi aliyekimbia vita akajisitiri Uvira yu bado ndani ya Kongo, na jina lake ndilo hili. Akivuka Ziwa Tanganyika akafika Kigoma, atakuwa nje ya nchi yake, na ile mikataba miwili ya juu yamhusu.

Yafaa pia tujue herufi za mashirika. Katika UNHCR, herufi mbili za kwanza ni za "United Nations", yaani Umoja wa Mataifa, na ile R ya mwisho ni ya "refugees". Ofisi hii iliundwa mwaka 1950, na makao yake makuu yako Geneva. Katika WFP, F ni ya "food", yaani chakula. Shirika hili lilianzishwa mwaka 1961, na makao yake makuu yako Roma.

Sasa tufike kwenye maneno mawili yanayotaka uangalifu kuliko yote: "voluntary repatriation". "Patria" kwa Kilatini ni nchi ya mtu. "Repatriation" ni kurudishwa katika nchi hiyo. "Voluntary" ni kwa hiari. Mkataba ule wa mwaka 1969, katika kifungu cha 5, wakataza kumrudisha mkimbizi pasipo hiari yake.

Basi tuseme bibi mmoja ameulizwa habari za kurudi, naye ajibu: "Natamani kurudi kwetu siku moja, Mungu akijalia." Mkalimani wa haraka atasema, "She wants to go home." Afisa ataelewa kwamba yu tayari. Lakini bibi hakusema hivyo! Tafsiri iliyo sawa ni hii: "She hopes to go home one day, God willing." Neno "hope" ni kutumaini, na "one day" ni siku moja isiyojulikana bado. Maneno haya madogo ndiyo yanayoilinda hiari yake. Tusiyaache, na tukiwa na mashaka, tumwulize tena kabla ya kufasiri.

MAZOEZI

(a) Kijana amevuka mpaka, ameomba hifadhi, na hajapewa jibu. Aitwaje kwa Kiingereza?

(b) Fasiri kwa Kiswahili: "They fled their village, but they did not cross the border."

(c) Fasiri kwa Kiingereza: "Sitaki kurudi sasa, kwa sababu bado naogopa."

Tufanye mazoezi haya wawili wawili baada ya ibada, mmoja akisema Kiswahili na mwenzake akifasiri, kisha tubadilishane.