Ukitaka Kufundisha Mnyama, Anza na Kuku

Swali: Nataka kujifunza kufundisha wanyama. Nianze na mbwa wangu?

Jibu: Mwache mbwa kwanza, tafuta kuku. Mbwa anakupenda, hivyo hukuvumilia hata ukikosea, nawe utadhani umefundisha. Kuku hana muda huo: ukimchanganya, anaondoka zake kuchakura. Ndiyo maana Marian Breland, aliyesomea kwa mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, pamoja na mumewe wa pili Bob Bailey, waliwanoa wakufunzi wa wanyama kwa kutumia kuku.

Swali: Kanuni yenyewe ni ipi?

Jibu: Mnyama hurudia jambo lililomletea faida, na polepole huacha lisilomletea kitu. Kanuni ni hiyo tu. Ugumu uko kwenye wakati. Punje ikimfikia kuku sekunde mbili baadaye, keshafanya jambo jingine, na hilo jingine ndilo utakuwa umelilipa. Kwa hiyo tunatumia mlio mfupi. Kalamu ya kubonyeza inatosha. Bonyeza, toa punje ya mahindi. Rudia hadi kuku akisikia mlio ageuke mwenyewe kutafuta punje.

Sasa weka chini kizibo chekundu cha soda. Akikitazama, bonyeza na ulipe. Baadaye usilipe kutazama, lipa kusogea. Kisha lipa kudonoa tu. Hapo ndipo wanafunzi wangu wengi hukwama. Mmoja alikuwa akibonyeza kwa kuchelewa kidogo, kuku akiwa ameshadonoa na kuinua kichwa. Baada ya dakika chache kuku alikuwa amesimama mbele ya kizibo, shingo juu, akingoja mahindi. Mwanafunzi alisema kuku huyo ni mjinga. Hapana. Kuku alijifunza sawasawa kile alicholipwa. Tulichorekebisha ni kidole cha mwanafunzi.

Swali: Mbwa wangu nikimwita haji. Nimchape?

Jibu: Tafadhali, usimchape. Jiulize kwanza huwa unamwita kwa ajili ya nini. Katika nyumba nyingi mbwa huitwa asubuhi ili afungiwe bandani, au ili achapwe kwa sababu ya kiatu alichotafuna jana. Amejifunza kwamba kuitwa kunaleta mabaya. Mwite mara kumi kwa siku, mpe kipande cha nyama, mwache aende zake. Siku ya kumfungia, mlipe akiwa ndani ya banda. Fimbo humfundisha mbwa kukaa mbali na mkono wako, nawe unataka aje.

Swali: Nikizoea kumpa chakula, si atanitii kwa sababu ya chakula tu?

Jibu: Unapoanza, lipa kila mara. Tabia ikishakomaa, lipa mara moja moja bila mpangilio. Mnyama ataendelea, kwa kuwa malipo yanaweza kuja wakati wowote. Nenda Morogoro uone. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kwa mlio na ndizi iliyopondwa. Panya hunusa makohozi kupitia tundu, na akihisi kifua kikuu husimamisha pua hapo kwa sekunde kama tatu. Sampuli ambazo zahanati imeshazithibitisha kuwa na ugonjwa huchanganywa na nyingine, na panya hulipwa kwa hizo. Kwa zile ambazo hakuna anayejua majibu yake, halipwi, maana mkufunzi angeweza kulipa kosa. Hata hivyo panya haachi kazi. Panya mmoja, Magawa, aliyefundishwa hapo hapo, alipelekwa Kambodia, akafichua kwa jumla mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Wenzake wengi wamefundishwa kwa njia hiyo hiyo, bila kiboko.

Swali: Somo liwe la muda gani?

Jibu: Dakika tano, asubuhi, kabla mnyama hajalishwa. Acha angali anataka kuendelea. Ukiwa na hasira siku hiyo, usianze kabisa. Na kabla ya kumgusa mnyama yeyote, mwombe mwenzako adundishe mpira, nawe ubonyeze kalamu kila mpira unapogusa sakafu. Ukiweza kufanya hivyo mara ishirini mfululizo bila kuchelewa, kamchukue kuku.