Fuata Nyuki, Usimchome

Wahenga walisema: Fuata nyuki ule asali. Hawakusema: Mchome nyuki ule asali. Hata hivyo, katika misitu ya miyombo ya Tabora na kwingineko, wako warinaji wapandao mtini na mwenge unaowaka. Kundi zima huteketea kwa ajili ya debe moja la asali, nayo asali hiyo hutoka imechanganyika na majivu na majana. Msimu ufuatao mzinga ni mtupu. Basi yafaa tuyajibu maswali machache ambayo kila mfugaji mpya huuliza.

Mzinga utundikwe wapi? Utundikwe penye kivuli, karibu na maji na maua, lakini mbali na nyumba, njia na mazizi, kwa kuwa nyuki wetu ni wakali. Ndani upakwe nta kidogo, ili harufu yake iwaite nyuki. Waya za kutundikia zipakwe grisi, siafu wasipite.

Mzinga gani ni bora? Mzinga wa gome hauna gharama, lakini mti uliochunwa gome kuzunguka shina lake hufa. Na mara nyingi ni myombo uleule uliowalisha nyuki kwa maua yake. Mzinga wa gogo hudumu, ila si rahisi kuukagua. Afadhali sanduku la mbao lenye vibao vyembamba vilivyopangwa juu, kila kimoja upana wa milimita 32. Nyuki hujenga sega moja chini ya kila kibao, nawe waweza kuliinua na kulitazama bila kuharibu mengine.

Asali irinwe lini? Tazama sega: likiwa limefunikwa kwa nta walau robo tatu yake, asali imeiva. Iliyo wazi bado ina maji mengi, nayo huchacha upesi. Masega yenye majana yasiguswe kamwe. Nyuki mtenda kazi huchukua wiki 3 hivi tangu yai hata kutoka segani, na wakati wa kazi nyingi huishi wiki 6 hivi tu. Alaye majana leo amekula vibarua wa mwezi ujao. Tena wenye nyumba waachiwe masega kadhaa ya chakula chao.

Tuwatulizeje? Kwa moshi baridi wa majani makavu, wala si kwa moto. Moshi huifunika harufu ambayo nyuki hutoa ili kuitana vitani. Ukichomwa, kwangua mwiba upesi kwa ukucha, kisha uondoke. Anayevimba uso au kukosa pumzi apelekwe hospitali bila kukawia.

Nta itupwe? La! Iyeyushwe katika maji ya moto, ichujwe, iachwe igande. Nta safi ni mali sokoni, nayo ndiyo asili ya mishumaa ya altare.

Akina mama nao wakumbuke: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asilambishwe asali, hata kidogo, kwani yaweza kumletea ugonjwa wa hatari.

Enyi wazazi, anzeni na mizinga 2, mkaikague pamoja na watoto wenu. Mwenye kuchoma hurina mara moja. Mwenye kutunza huwaachia wanawe mizinga yenye nyuki na msitu wenye maua.