Judo na Karate: Jifunze Kuanguka Kabla ya Kutaka Mkaba



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, vumbi la mawe na miti ya kuegemeza shimo. Leo tunatoka kazini na kwenda pale vijana wengi wanapopenda kupitisha jioni yao: penye judo na karate. Pengine utauliza, "Mchezo unahusu nini usalama wa kazi?" Unahusu sana. Mtu aliyeumia shingo siku ya Mungu hawezi kushika sululu Jumatatu. Na mtu aliyegonga kichwa akanyamaza, kisha kesho yake akapanda juu ya mashine, anahatarisha uhai wake na wa wenzake.

Basi somo la leo lina maswali matatu. Mkaba wa rangi una maana gani? Tununue nini, na tuache nini? Na tufanye nini ili kila mtu arudi nyumbani mzima?

1. Mkaba ulitoka wapi

Judo ilianzishwa na Mjapani Kano Jigoro, aliyekuwa mwalimu wa shule. Mwaka wa 1882, akiwa na miaka 21, alifungua nyumba yake ya mafundisho katika mji wa Tokyo, akaiita Kodokan. Alichukua mbinu za kale za kupigana mikono mitupu, akaondoa zile za kuvunja na kuua, akabakiza zile ambazo watu wawili wanaweza kuzifanya kwa nguvu zote kisha wakasimama wote wazima. Baadaye aliweka kanuni mbili: utumie nguvu zako vizuri bila kuzipoteza, na wewe na mwenzako mfaidike pamoja.

Mwaka wa 1883 Kano alitoa ngazi ya kwanza, inayoitwa dan, kwa wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Siku ile hawakupewa mkaba mweusi, kwa kuwa haukuwapo bado. Ulianza kuvaliwa miaka michache baadaye, ili watu watambue kwa macho nani amefikia wapi. Rangi nyingi tunazoziona leo zilienea kutoka Ulaya, hasa Ufaransa, ambako Mjapani Kawaishi Mikinosuke alifundisha tangu miaka ya 1930. Wazungu walikuwa na haraka ya kuona maendeleo yao, na rangi ziliwatia moyo.

Karate nayo iliazima kimono cheupe na mkaba kutoka judo. Funakoshi Gichin, mtu wa Okinawa, alifika Tokyo mwaka wa 1922, na mwaka wa 1924 akatoa mikaba myeusi ya kwanza kwa wanafunzi wake.

Katika judo tunayoijua sisi, rangi zinafuatana hivi: nyeupe, njano, chungwa, kijani, buluu, kahawia, nyeusi. Baada ya nyeusi zinakuja dan, toka ya 1 mpaka ya 10. Kuanzia dan ya 6 mpaka ya 8 mtu anaweza kuvaa mkaba wenye vipande vyekundu na vyeupe, na dan ya 9 na ya 10 mkaba mwekundu. Katika karate rangi zinabadilika toka shule hata shule. Kwa hiyo usimpime mtu wa karate kwa rangi ya judo.

Sasa angalia jambo hili. Dan ya kwanza kwa Kijapani inaitwa shodan, maana yake ngazi ya kuanzia. Sisi tunadhani mkaba mweusi ni mwisho wa masomo. Wenyewe wanasema ndipo mtu anapoanza kusoma.

2. Mkaba ni kama cheo cha kapita

Pale kazini, kapita anajulikana. Je, kofia ya kapita inazuia jiwe kuliko kofia yako? Hapana. Jiwe likianguka haliulizi cheo. Tofauti ni hii: mtu akiumia katika timu, kapita ndiye anayeulizwa, "Ulikuwa wapi? Uliona nini? Kwa nini hukusimamisha kazi?"

Mkaba ni vivyo hivyo. Mwenye mkaba wa kahawia akimtupa mwenye mkaba mweupe, anapaswa kushika mkono wa kimono wa yule anayeanguka, auvute juu kidogo ili kichwa kisifike chini. Hiyo ndiyo alama ya ujuzi wake. Yule anayempigiza mgeni chini kwa nguvu zote ili watu wamshangilie amejifunza nusu ya judo tu, na ni nusu inayoumiza.

Mkaba mweusi wa kununua sokoni ni hatari kwa sababu hiyo. Kitambaa hakina kosa, lakini wazazi wataleta watoto wao kwa mtu yule, wakidhani amepimwa. Nchini Ufaransa, sheria ya mwaka wa 1955 ilikataza mtu kufundisha judo kwa malipo pasipo hati ya serikali. Kwetu, kabla ya kumpa mtoto wako, muulize mwalimu maneno matatu: Nani alikupa ngazi yako? Cheti chako kiko wapi? Ligi au shirikisho linakutambua? Mwalimu wa kweli hatakasirika.

3. Somo la kusikitisha toka Japani

Mtu asiseme kwamba tunatia watu woga bure. Nchini Japani kwenyewe, ambako judo ilizaliwa, zaidi ya wanafunzi 100 walikufa katika judo ya shuleni kati ya mwaka wa 1983 na 2011. Wengi waliumia kichwa: damu ilivuja ndani ya fuvu, ikaubana ubongo. Na wengi wao walikuwa wageni wa mchezo, katika mwaka wao wa kwanza, waliotupwa nyuma na wakubwa wao kabla hawajajua kuanguka.

Fikiri vizuri. Kulikuwa na tatami nzuri, kimono kizuri, na walimu wenye mikaba myeusi. Kilichokosekana ni subira ya kufundisha kuanguka, na macho ya kuona kwamba mtoto amechoka au anaumwa kichwa.

4. Kuanguka ndiyo kinga yako ya kwanza

Mwenye kuanza judo atumie majuma ya kwanza akijifunza kuanguka. Fuata utaratibu huu:

a) Anza ukiwa umelala chali. Kisha ukiwa umekaa, kisha umechuchumaa. Mwisho ndipo usimame.

b) Ukianguka nyuma, kidevu kiguse kifua na macho yaangalie mkaba wako. Hivyo kisogo hakigongi chini.

c) Piga tatami kwa mkono mzima, toka kiganja mpaka karibu na bega, ukiwa umeuweka kando ya mwili. Pigo linagawanyika mahali pakubwa, halikai mahali pamoja.

d) Usinyoshe mkono mmoja kujizuia. Mkono ulionyoshwa ndio unaovunjika kifundo, au pigo linapanda hadi mfupa wa mtulinga.

e) Usizuie pumzi.

Mafundisho haya yanaweza kukufaa hata nje ya mchezo. Wakati wa mvua udongo mwekundu wa njia zetu unateleza kama sabuni. Mtu aliyezoea kukunja kidevu na kujiviringa ana nafasi zaidi ya kuokoa kichwa chake. Lakini usipige sementi au mwamba kwa mkono kama unavyopiga tatami, utaumia.

5. Vyombo: nini kwanza, nini baadaye

Wengi wanatumia pesa zao za kwanza kwa kimono chenye maandishi. Sisi tunasema: pesa za kwanza ziende chini, yaani mahali pa kuangukia.

Tatami. Tatami za kiwanda ni za bei. Kama hamna, tengenezeni fremu ya mbao, jazeni unga wa mbao mkavu mpaka shubiri moja ukiisha kushindiliwa, kisha vuteni turubai ngumu juu yake na kulifunga sana. Upepeteni unga ule ili pasiwe na msumari wala kipande cha ubao. Pembe za fremu zifunikwe kwa magunia. Mchanga wa kando ya Lualaba unafaa kwa kujifunza kujiviringa, lakini usitupane hapo: mguu unazama, mwili unageuka, na goti linapasuka ndani. Juu ya sementi, hata mwenye mkaba mweusi asimtupe mtu.

Kimono. Cha judo ni kizito na kimefumwa kwa nguvu, kwa kuwa kinavutwa. Cha karate ni chepesi. Ukikitumia kwa judo kitapasuka siku ya kwanza. Fundi cherehani anaweza kukushonea cha judo kwa kitambaa kinene cha pamba, akitia tabaka mbili mabegani na magotini. Kata kikubwa kidogo, maana pamba hurudi ikifuliwa. Kifuliwe kila mara baada ya mazoezi na kianikwe juani, kwa sababu choa na vipele hupenda kimono kibichi.

Kinga. Kwa karate, kinga ya meno na kinga ya sehemu za siri zitangulie glovu. Kila mtu awe na kinga yake ya meno, haiazimwi.

Vitu vidogo. Kata kucha za mikono na miguu. Vua pete, saa, mkufu na hereni. Vaa ndara mpaka ukingoni mwa tatami, uziache hapo, usiingie na udongo. Kidonda chochote kifunikwe. Damu ikitoka, mchezo unasimama.

Mkaba. Huo ununuliwe mwisho, na uwe wa rangi uliyopewa kwa mtihani.

6. Siku ambazo usipande juu ya tatami

Ukiwa na homa. Malaria inaweza kuvimbisha bandama, ile nyama iliyo upande wa kushoto chini ya mbavu. Bandama iliyovimba inaweza kupasuka kwa pigo dogo au kwa kuangukiwa, na damu ikajaa tumboni. Ukiwa umetoka kuugua, muulize kwanza mganga wa dispanseri kama umepona kabisa.

Ukiwa umegonga kichwa. Simamisha mchezo palepale, hata kama hukuzimia. Siku hiyo usirudi kucheza, usiendeshe gari wala mashine, na usilale peke yako nyumbani. Mwambie kapita wako kabla ya zamu. Ukiona kichwa kinazidi kuuma, unatapika, unachanganya maneno, usingizi usio wa kawaida, mkono au mguu kulegea, au degedege, nenda hospitali bila kungoja asubuhi. Pigo la pili juu ya kichwa kisichopona ndilo linaloua haraka.

Shingo ikiuma baada ya kuanguka, au vidole vikifa ganzi, mwacheni mtu alale pale alipo. Shikeni kichwa kisitikisike, na iteni mganga. Msimvute mkono ili asimame.

Joto nalo ni adui. Kindu iko karibu na ikweta na hewa yake ina unyevu. Fanya mazoezi alfajiri au jioni, na kunywa maji kabla, katikati na baada.

Na neno moja kwa wanaokaba koo na kukunja kiwiko: mwenzako akigonga mara mbili, umwache mara moja. Watoto wasifundishwe kukaba.

7. Kitu ambacho vita haikunyang'anya

Labda unawajua Popole Misenga na Yolande Mabika, wana wa Kivu, waliozaliwa Bukavu. Vita iliwatenga na wazazi wao wangali watoto. Walifika Kinshasa, na huko wakafundishwa judo pamoja na watoto wengine waliokimbia. Mwaka wa 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakabaki Brazili kuomba hifadhi. Mwaka wa 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi, iliyokuwa na watu 10. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea ya Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mwaka wa 2015. Mabika alishindwa katika pigano lake la kwanza.

Hawakurudi na medali. Lakini angalia walichokuwa nacho: hawakuwa na nyumba, wala bendera ya nchi yao begani. Walikuwa na yale waliyofundishwa tangu utoto, na jambo la kwanza wanalofundishwa watoto wa judo ni kuanguka na kusimama tena. Mkaba unaweza kuibiwa au kuungua motoni. Ujuzi ulio mwilini mwako hauibiwi.

Ukumbuke:

– Uliza cheti cha mwalimu kabla ya rangi ya mkaba wake.
– Nunueni mahali pa kuangukia kabla ya kimono.
– Kidevu kifuani kila uangukapo.
– Homa au pigo la kichwa: hakuna mchezo, na mganga aone.
– Kadiri mkaba unavyokuwa mweusi, ndivyo mwenye kuuvaa anavyojibu kwa ajili ya miili ya wengine.

Baba na mama, msiwakataze vijana mchezo huu. Unatoa heshima, unatoa nguvu, na unawaondoa vijana penye pombe. Ila nendeni siku moja mkaketi kando na kutazama. Kama wakubwa wanawashika wadogo wanapoanguka, mwacheni mtoto wenu hapo. Kama wanawapigiza na kucheka, mshikeni mkono mrudi naye nyumbani.